Wiki Sajini Wafula Alipomenya Nanasi

Ijumaa ile, kwenye veranda ya stesheni ya polisi ya Thika, tulikuwepo watu sita. Nawataja mapema ili asije mtu akadai alikuwepo na hakuwepo.

Nilikuwepo mimi, Njoki, au Mama Gathoni, mfagiaji wa stesheni, mke wa Muchiri mchonga mawe wa Ruiru. Alikuwepo Afande Wafula, sajini, mtu wa Bungoma, mkubwa wangu wa kazi na mwalimu wangu. Alikuwepo Inspekta, Mzungu mwembamba ambaye watu walimwita Bwana Kidole. Jina lake la kwao nalijua, lakini ana wajukuu mahali, nao hawajanikosea. Alikuwepo Wairimu, dada ya Muchiri, kwa hiyo wifi yangu, ametiwa pingu. Alikuwepo Rahabu, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu la Ruiru, ambaye ndiye aliyeshtaki, na tena ndiye shangazi ya Karanja, kijana aliyekuwa amuoe Wairimu kesho yake. Na alikuwepo Mutiso, dereva wa lori, ambaye hakuwa na undugu na yeyote isipokuwa lori. Katikati yetu palikuwa na beseni la maganda ya nanasi.

Mjukuu wangu Njeri ameajiriwa polisi. Aliponiambia kwamba siku hizi kidole kinasomwa na mashine bila wino, nilicheka hadi meno yakataka kuhama. Akasema, "Shosho, andika basi, wenzangu wasome." Mimi nilisoma kisomo cha ngumbaru, nikiwa tayari na watoto watano, kwa hiyo mkiona sentensi imekosa mkia, ishoneeni wenyewe. Habari za mshahara na vyeo sitaandika. Mshahara uliisha mwezi uleule, na waliopanda vyeo wengi walishuka.

Niliingia kazi miaka ya hamsini, katikati ya Hali ya Hatari. Wakati huo mtu wa kwetu akionekana anaingia stesheni kwa miguu yake mwenyewe, majirani walimwombea au walimkwepa. Mimi walinikwepa. Nilienda kwa sababu jiwe lilikuwa limemwangukia Muchiri mguuni kule machimboni, na watoto hawali mawe. Nilifika asubuhi na kidole gumba cha kushoto kimefungwa tambara, maana mundu wa kukatia nyasi ya ng'ombe ulikuwa umenichana wiki hiyohiyo.

Afande Wafula hakunitazama uso. Alinitazama mikono.

"Mikono ya kazi," akasema. Akanipa fagio, ndoo na tambara. "Mama Gathoni, hapa utafagia kila kitu isipokuwa ushahidi."

"Ushahidi ndio nini, Afande?"

Akafikiri kidogo. "Ushahidi ni uchafu uliopewa namba."

Sijawahi kusikia maelezo bora, hata kwa hao waliotoka vyuo. Chupa iliyovunjika ikiwa barabarani ni takataka. Ikitundikwa kikaratasi chenye namba, ni mali ya serikali, na ukiipangusa unaweza kulala ndani. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza. Ya pili: ushahidi ukiletwa umefungwa, haufunguliwi. Umekuja ndani ya gunia, unakaa ndani ya gunia mpaka hakimu auitishe. Stoo ya Afande ilikuwa imejaa magunia, naye aliyajua kwa namba, kama mchungaji anavyojua mbuzi wake kwa masikio. Ukimwuliza ndani mna nini, alikasirika.

Ya tatu ilikuwa ya Bwana Kidole mwenyewe. Mtu hakuingia stoo kwa sahihi, maana sahihi huigwa. Mlangoni kulikuwa na daftari na wino. Ulibonyeza kidole gumba, Bwana Kidole akakilinganisha kwa lenzi na kadi yako, ndipo akasema, "Kweli, wewe iko wewe." Hata Afande, ambaye funguo alizivaa shingoni, alipimwa kila mara. Mimi pekee sikuwa na kadi. Nilipouliza, Bwana Kidole alisema mfagiaji huhesabiwa pamoja na fagio.

Nilifagia miezi kadhaa ndipo nikapewa kazi ya vidole. Haikuwa heshima, ilikuwa shida. Wanawake walikataa kushikwa mikono na askari. Wanaume walishatiwa wino tangu zamani kwa ajili ya kipande, kile cheti cha kazi cha serikali, lakini kwetu sisi wino ulikuwa mgeni. Mmoja, nyanya wa Mwiki, alimpiga Bwana Kidole kofi, na ikabidi kofi liandikwe kwenye kitabu. Basi Afande akaniita.

"Mama Gathoni, kidole hakibonyezwi. Kidole kinaviringishwa. Kutoka ukucha upande huu hadi ukucha upande ule, mara moja, bila kurudi nyuma. Na mtu alegeze mkono kama hajui ni wake. Akikaza, anaandika wasiwasi."

Alinifundisha kusambaza wino kwenye kioo kwa kile kigogo cha mpira chenye mpini, mwembamba mpaka uone rangi ya meza. Alinifundisha kuwauliza wanawake habari za watoto wao wakati naviringisha, ili mkono ulegee. Hiyo mashine ya Njeri haijui kuuliza habari za watoto. Mikono yangu ikawa myeusi mchana na usiku, na Muchiri akasema chapati zangu zina alama za serikali.

Sasa cherehani.

Kina mama wa kanisa walikuwa na cherehani moja ya miguu, waliyoinunua kwa kuuza mayai na maharagwe. Ilikaa kwenye chumba kando ya kanisa, na ufunguo aliuweka Wairimu, kwa sababu alikuwa anashona nguo yake ya harusi. Wairimu alifanya kazi kiwanda cha nanasi hapo Thika, kumenya na kutoa macho ya tunda, asubuhi mpaka jioni, na jioni alirudi Ruiru kushona. Jumatano aliiacha nguo palepale chini ya sindano, ina mkono mmoja. Alhamisi chumba kilikuwa kitupu. Cherehani haipo, nguo haipo, kioo cha dirisha kimelegea.

Rahabu alikuja Thika kushtaki, amevaa kitambaa cheupe cha kikundi kana kwamba ni msiba. Bwana Kidole alifurahi mno. Tangu afike alikuwa akingoja dirisha. Tulienda Ruiru, mimi nikachukuliwa kwa ajili ya kuongea na kina mama. Afande akapanda kigoda akaking'oa kile kioo taratibu, mimi nikiwa chini nakipokea kisivunjike, tukakivingirisha kwenye blanketi na kukileta Thika kama mgonjwa. Bwana Kidole akakipaka unga mweusi kwa brashi laini, akapuliza. Akaruka.

"Gumba!" akapiga kelele. "Mwizi amewacha gumba! Na iko na kovu, kama njia ndogo napita katikati ya shamba!"

Akasema sasa umma uelimishwe. Alikuwa na imani kubwa na umma. Aliamini watu wakieleweshwa habari za vidole watapenda polisi, na wezi wataona haya.

Jumamosi, siku ya soko, tukafanya baraza uwanjani Ruiru. Watu walikuja wengi, wa mjini, wa mashamba ya kahawa, hata wa Kiuu, kwa sababu kutokuja baraza siku zile kulihitaji maelezo. Bwana Kidole akatundika karatasi kubwa yenye picha ya kidole, kikubwa kama mlango. Watoto wawili walilia. Akaeleza kwamba Mungu hajarudia kidole hata kimoja, na Afande akatafsiri ile sehemu ambayo Kiswahili cha Bwana kiliishia njiani. Kisha akaomba maswali.

Mzee Ndirangu, ambaye alikuwa na vidole vinane tangu ajali ya shoka, akasimama. "Mimi nimepungukiwa na viwili. Serikali inanishuku kidogo kuliko hawa wengine, au inanishuku sawa?"

"Sawa," akasema Bwana Kidole.

"Basi hapo pana uonevu," akasema mzee, akaketi.

Mwingine akauliza kama kidole kinaweza kuonyesha nani alikula kuku wake miaka mitatu iliyopita, maana mifupa ameitunza. Mwanamke mmoja, Wamaitha wa duka la chumvi, akauliza, "Nikikupa kidole changu, utanirudishia lini?" Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesogea mezani. Bwana Kidole akatangaza habari ya kovu. Hapo ndipo kila mtu akakunja vidole gumba ndani ya ngumi. Nchi nzima ilikata nyasi kwa mundu. Asiye na kovu kwenye gumba alikuwa chifu peke yake.

Ndipo Wairimu akajitokeza. Naiona mpaka leo, gauni la buluu, kitambaa kimefungwa nyuma. Watu walikuwa wameanza kunong'ona juu ya ule ufunguo, na Rahabu alikuwa amesimama akimtazama kama mtu anayetazama maziwa yasichemke yakamwagika.

"Harusi yangu ni Jumamosi ijayo," akasema kwa sauti. "Siwezi kuingia kanisani huku watu wanahesabu funguo. Chukueni vidole vyangu hapahapa, kila mtu aone."

Nilimpenda sana dakika ile. Nikamshika mkono. "Wifi, Gathoni wangu ameng'oka jino," nikamwambia, na mkono ukalegea. Nikaviringisha gumba kwenye wino, nikaviringisha kwenye karatasi.

Likatoka doa. Doa jeusi tupu, laini, kama kisigino cha kiatu. Hakuna mstari hata mmoja.

Nikafuta, nikarudia. Doa. Kidole cha pili, doa. Vyote kumi, madoa kumi.

Bwana Kidole akainama na lenzi. Akakaa hapo muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umeng'aa kama wa bwana harusi.

"Huyu mwanamke," akasema polepole, "nachoma vidole yake. Kwa asidi! Mimi nasoma hii katika kitabu. Ni wezi mukubwa sana tu nafanya hivi."

"Ngai!" akasema Wairimu. "Asidi gani? Mimi namenya nanasi!"

Akatiwa pingu palepale, mbele ya umma ulioelimishwa.

Wenzake wa kiwandani, Nyambura na Tabitha, wakaruka mbele kumtetea. "Hata sisi, Bwana, hata sisi!" wakasema, wakanyoosha mikono. Nikawaviringisha. Madoa ishirini. Walidhani wanamsaidia. Bwana Kidole aliandika kwenye kitabu chake neno moja, akalipigia mstari mara mbili: genge. Wale wawili aliwaachia waende nyumbani, kwa sababu lori halikuwa na nafasi, lakini aliwaambia wasitoroke na wasiguse kitu. Wairimu akapelekwa seli ya Thika. Ijumaa angepelekwa Nairobi, pamoja na kile kioo, na ukishaenda Nairobi siku zile, kurudi kulikuwa kwa majaliwa.

Jioni ile nilimfuata Bwana Kidole ofisini na fagio langu, maana bila fagio sikuwa na sababu ya kuingia.

"Bwana, maji ya nanasi hula ngozi. Wale wa kiwandani huwa hivyo wote. Msimu ukiisha, mistari hurudi."

Akanionyesha kitabu kinene. "Mama, mimi nasoma hii yote. Asidi iko. Moto iko. Nanasi hapana iko."

"Aliyekiandika alimenya nanasi lini, Bwana?"

Akanitazama kama vile ndoo imemjibu. Afande Wafula alikuwa mlangoni. Akakohoa, akapiga saluti.

"Bwana, sayansi si ni kujaribu? Mimi vidole vyangu viko kwenye kadi. Nipe nanasi mpaka Ijumaa."

Afande alimhurumia Wairimu kwa sababu alikuwa na binti wa umri wake kule kwao. Lakini sidhani alijua anachokiomba. Jumatatu asubuhi Nyambura na Tabitha wakaleta mkokoteni wa yale matunda yaliyopinda ambayo kiwanda hakiyataki. Afande akaketi kwenye veranda, amevaa sare kamili, kofia kichwani, beseni katikati ya magoti, akaanza kumenya. Bwana Kidole aliagiza kila saa iandikwe. Nakumbuka kitabu kikisema: "Sajini anamenya." Saa iliyofuata: "Sajini bado anamenya." Saa ya tatu: "Sajini amelalamika."

Mtu alikuja kumshtaki mume wake. Akamkuta sajini ananyonya kidole, akarudi nyumbani kusuluhishana naye. Mahabusu walipewa nanasi asubuhi, mchana na jioni, mpaka mmoja wao, Kamande mwizi wa mabati, akakiri makosa yote na mengine mawili yasiyoulizwa, kwa sharti apewe ugali. Ulimi wangu ulipasuka. Nyuki wakahamia stesheni. Mimi nilipangusa veranda kutwa kwa tambara lile moja, likawa limeloa maji ya nanasi hata likikauka linasimama lenyewe.

Wairimu aliona yote kupitia dirisha la seli. Jumanne alikuwa akicheka. Jumatano akamfundisha Afande kushika kisu. "Baba, usikate kama unachinja, zungusha!" Alhamisi hakucheka tena. Karanja alikuwa amekuja na ujumbe: Rahabu amesema kanisa halitafungisha ndoa ya mtu aliyeko Nairobi kwa wizi, na hata akiachiliwa, ataolewa na nini? Nguo imeibwa.

"Wifi," akaniambia kwenye nondo, "nani huiba nguo yake mwenyewe ikiwa na mkono mmoja?"

Hilo ndilo swali ambalo polisi wote hatukuwa tumeuliza.

Sasa Ijumaa. Lori likaja saa tatu, Mutiso akiwa na haraka. Rahabu akaja kama shahidi. Wairimu akatolewa. Afande Wafula akanawa, akajifuta, akanyoosha mikono. Ilikuwa imevimba na kung'aa kama mandazi. Bwana Kidole mwenyewe akamviringisha, hakuniachia.

Doa.

Nikapiga kigelegele. Nilidhani yameisha. Lakini nyinyi hamkumjua Bwana Kidole. Alichukua kadi ya Afande, akaweka kando ya doa, akalinganisha kwa lenzi, akashusha lenzi kwa huzuni.

"Huyu," akasema, "hapana Sajini Wafula."

"Ni mimi, Bwana," akasema Afande.

"Kadi nasema hapana."

"Bwana, umeniona nikimenya siku tano!"

"Mimi naona mtu namenya. Vidole hapana sema ni nani." Akakaa akifikiri. Alikubali kwamba nanasi linafuta vidole, na akaandika hivyo kwenye ripoti. Lakini akasema hilo halimtoi Wairimu hatiani. Linaonyesha tu jinsi alivyojificha. Apande lori. Kioo kiletwe, kwa maana mshtakiwa hasafiri bila ushahidi wake.

Afande akaenda mlangoni mwa stoo na funguo shingoni, akasimama. Daftari. Wino. Hakuwa na kidole cha kuingilia. Kanuni ni kanuni, na aliyeiweka alikuwa amesimama hapo hapo. Mutiso akapiga honi.

Basi Bwana Kidole akaamua kuingia mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu aiandike kanuni ile. Akabonyeza gumba lake, akalinganisha na kadi yake kwa lenzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika: alikuwa ni yeye. Mimi nikaingia nyuma yake, kwa kuwa fagio haliandikishwi.

Alipiga hatua tatu, tukasikia mlio wa chuma na tusi la Kizungu. Alikuwa amegonga muundi kwenye gunia. Gunia likaanguka, uzi ukakatika, na gurudumu likatokea likizunguka polepole, krr, krr, krr. Kikaratasi kilikuwa kimening'inia, mwandiko wa Afande: "Gunia moja. Zito. Limeokotwa kwenye kahawa. Limeletwa na askari wa chifu, Alhamisi."

Cherehani ya kanisa ilikuwa imekaa nasi tangu siku ileile iliyoibwa. Safari ilikuwa imemchosha mwizi akaibwaga kwenye kahawa. Ilifika Thika kabla ya Rahabu.

"Wafula!" akaita Bwana Kidole. "Kwa nini wewe hapana fungua?"

Afande, aliyekuwa amekatazwa kuvuka kizingiti, akajibu kutoka nje, kwa saluti: "Ushahidi uliofungwa haufunguliwi, Bwana. Kanuni."

Rahabu akaona gurudumu, akaanza kumsifu Mungu. Wairimu hakuona gurudumu. Aliona kitu cheupe chini ya sindano, chenye mkono mmoja, hakina hata vumbi. Akapiga magoti na pingu zake. Nikadhani tena yameisha. Sikuwa nimejifunza.

Bwana Kidole akachechemea hadi kwenye kiti. Akasema cherehani imepatikana, vizuri, lakini mwizi hajapatikana. Cherehani ina namba. Nguo imeshikwa na sindano, kwa hiyo nguo nayo ina namba. Vyote vitabaki stoo mpaka mwenye gumba lile ajulikane, hata kama ni miaka. Na Wairimu apande lori. "Mama, leta kioo," akaniambia, huku akiviringisha suruali atazame muundi wake.

Nikarudi stoo. Nikakitoa kioo kwenye blanketi, nikakiinua kwenye mwanga wa mlango, nihakikishe hakijapasuka. Lile gumba jeusi lilikuwa pale, na njia yake ndogo inayopita katikati ya shamba. Nilikuwa nimetazama magumba ya wanawake wa Ruiru wote nikitafuta njia ile. Ila sasa nilikishika kioo kwa mkono wa kushoto, kama nilivyokipokea siku ile Afande alipokuwa kwenye kigoda, na gumba langu lilikuwa limelala kando ya lile jingine. Kovu la mundu na kovu la kwenye kioo. Ndugu pacha.

Mabinti, mimi ndiye niliyekuwa natafutwa. Siku nane, baraza moja, mkokoteni wa nanasi.

Nilisimama hapo. Nikisema, Bwana Kidole ataniandikia kadi halafu atanipandisha lori, maana yule alikuwa akiamini kidole kuliko mtu. Nikinyamaza, wifi yangu ataenda. Nje, Mutiso akapiga honi tena. Tambara lilikuwa begani mwangu, bichi, linanuka nanasi. Kwa mkono uliozoea nikafanya kazi niliyoajiriwa kufanya. Nikapangusa kioo. Pande zote mbili, na pembeni.

Nikakitoa nje, nikakiweka mezani. Kiling'aa mpaka tukauona uso wa Rahabu ndani yake.

Bwana Kidole akatazama. Akachukua lenzi. Akakigeuza. Akakigeuza tena, nami nikamwonea huruma, Mungu ananijua. Afande Wafula alitazama kioo, akatazama tambara begani mwangu, kisha akanitazama mkono wa kushoto, kama alivyonitazama siku ya kwanza. Halafu akapiga saluti kwa ile mikono yake iliyovimba.

"Bwana," akasema, "ni nanasi. Stesheni nzima imejaa maji yake, hewa yenyewe ni nanasi. Nanasi hufuta vidole. Tumethibitisha wiki nzima. Iko kwenye ripoti."

Bwana Kidole akafungua ripoti. Ilikuwa hapo, kwa mwandiko wake. Akaisoma mara mbili. Mtu wa sayansi hawezi kubishana na ripoti yake mwenyewe. Akachukua kalamu akaongeza mstari mmoja, akafunga kitabu, akasema bila kioo hakuna kesi, na bila kesi namba zote zifutwe.

Mutiso akaondoka na lori tupu, akilaumu. Wairimu alishona ule mkono wa pili usiku huo nyumbani kwa Rahabu, Rahabu mwenyewe akimshikia taa na kuomba msamaha kila baada ya mshono. Jumamosi akaolewa na Karanja. Afande Wafula alikuja, akala kila kitu isipokuwa tunda. Mistari yake ilirudi baada ya wiki kadhaa, na kabla ya hapo, kila alipotaka kuingia stoo, ilibidi niitwe mimi na fagio langu nithibitishe kwamba yeye ni yeye.

Mwizi hajajulikana mpaka leo. Nadhani mgongo bado unamuuma. Afande hakuniuliza neno juu ya kioo, si siku ile wala miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, ila kila nilipokuwa naviringisha vidole vya mtu alipita nyuma yangu akisema, "Mama Gathoni, anza na gumba." Ninyi mnaoshika vidole vya watu siku hizi, iwe kwa wino au kwa mashine, fanyeni hivyo, na muanze na gumba lenu wenyewe.

Nimeandika kwa kichwa, si kwa kitabu. Huenda Tabitha hakuwa Tabitha bali dada yake Mumbi, maana walifanana, na huenda baraza lilikuwa la wiki ya pili, si ya kwanza. Kama kuna mtu wa Ruiru au Thika anayekumbuka vingine, au aliyesimuliwa na mama yake, aje anisahihishe, nitampikia chai na nitakubali. Jambo la kovu tu ndilo sitasahihishwa. Liko hapa kwenye gumba la kushoto, na atakayekuja nitamwonyesha.